Barua ya Mgongoni

Bibi yangu, Mahfoudha, alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Sanda yake ilikwisha kukatwa na kufukizwa udi, imelala chini kabisa ya sanduku la njumu alilokuja nalo Ibra, Omani, kutoka Unguja. Watu aliowakosea alikwisha kuwaomba radhi, mmoja mmoja, kwa simu. Daktari wa moyo alimwambia kwamba hana la kuongeza ila dawa zile zile. Kilichobaki ni kifuko cha kaniki kilichoshonwa pande zote nne, ambacho kilikaa juu ya sanda.

"Hiyo amana," aliniambia tangu nikiwa mdogo. "Barua ya marehemu. Mie siwezi kwenda kukutana na baba yangu hali bado ninayo."

Kisa chenyewe nilikijua kwa moyo. Mwaka 1942, wakati wa vita vikuu, baba yake, Harub, alikuwa kijana wa miaka ishirini akichunga ngamia wa watu pembezoni mwa jangwa la mchanga la Wahiba. Aliona ndege ikishuka kimya nyuma ya tuta. Alipoifikia, aliikuta imelalia tumbo, bawa moja limekatika, na rubani, mzungu mwenye nywele nyekundu, amevunjika mbavu na miguu. Hakuweza kumbeba, na kumwacha akatafute watu hakutaka. Akambandulia kipande cha bati la bawa akakisimamisha kiwe kivuli, akampa maji na maziwa ya ngamia, akakaa naye. Siku ya pili, baada ya alasiri, yule mtu akafa.

Harub alipomvua koti ili amzike, alikuta mgongoni pameshonwa kitambaa cha hariri chenye jua jeupe na maandishi asiyoyajua. Kwao mtu hazikwi na barua. Akakifumua, akakitia ndani ya kaniki na kukishona ili asije akakisoma asiyeandikiwa, akaapa kukifikisha. Mwaka wa pili akasafiri kwenda Unguja kutafuta maisha, na kifuko kikaenda naye. Miaka ya sabini kikarudi naye Ibra. Kila alipokwenda aliuliza kama kuna anayewajua jamaa wa rubani fulani mwenye nywele nyekundu. Watu walimwambia akifungue kwanza, ijulikane barua imetoka kwa nani. Aliyemwambia hivyo, Harub hakurudi kwake tena. Alipokuwa anakata roho, mwaka 1986, alimpa binti yake kifuko na kumwambia, "Mimi nimeshindwa. Wewe usishindwe."

Sasa Bibi naye alikuwa anaona anashindwa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, wala si moyo.

Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya historia Nizwa, na kwa kuwa kazi ya historia sikuipata, nilikuwa Al Mintirib, ukingoni mwa mchanga ule ule, kwenye kambi ya watalii ya ami yangu, Nasr, ambaye ni mjukuu wa ndugu yake Harub. Kila Alkhamisi nilirudi Ibra kumwona Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Miaka minne umesoma, Ghadeer, na bado unabeba sinia la tende."

"Ndiyo kazi iliyopo, Bibi."

"Basi lishike vizuri. Usije ukaaibisha chuo."

Sinia lenyewe lilikuwa lile bati la bawa. Harub alimwachia ndugu yake, na mfua fedha mmoja wa Ibra akaligonga mpaka likawa sinia. Ami Nasr aliwaambia watalii kwamba limetoka kwenye ndege, nao walitabasamu kama watu wanaoambiwa hadithi ya jini.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alifika mgeni mmoja peke yake, Mwalimu Liang, mzee wa Kichina aliyestaafu kufundisha skuli huko Chengdu. Nilimwekea tende na kahawa. Hakula. Alizisogeza tende kwenye kisahani, akaliinua sinia na kuligeuza. Upande wa chini palikuwa na rangi ya buluu iliyochubuka, na juu yake pembe mbili nyeupe zilizochongoka. Sisi tulidhani ni pambo.

"Hizi ni mbili," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Zilikuwa kumi na mbili. Hili ni jua. Ni alama ya jeshi letu la anga la wakati ule. Limefikaje hapa?"

Nilikaa chini, kinyume cha taratibu za kambi, nikamweleza. Naye akanieleza yake. Alisema nchi yake ilipovamiwa na Wajapani ilikuwa na ndege chache, na hizo chache zilikuwa za kila kabila: za Kimarekani zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, za Kirusi fupi nene ambazo marubani waliziita mbayuwayu. Mwaka 1938 ndege zao mbili zilivuka bahari hadi Japani, na zilichoangusha huko zilikuwa karatasi, si mabomu. Baadaye ndege nyingi ziliteketea na marubani wakafa wakiwa vijana. Hapo wakaja wageni kupigana chini ya jua lile lile. Ndege nyingine za kuwapelekea zilipitia Afrika na Arabuni, zikiruka kituo hadi kituo.

"Mama yangu alivuta jiwe," alisema. "Jiwe la kusawazisha uwanja wa ndege, kubwa kuliko gari lenu. Watu mia walilivuta kwa kamba. Alikuwa na miaka kumi na moja."

Nilipomtajia kile kitambaa aliweka kikombe chini. "Mgongoni? Una hakika alikivaa mgongoni?"

Siku ya pili nilimleta Ibra. Bibi alijifunika vizuri buibui lake akampokea barazani. Saliha, dada wa Kitanga anayemwangalia, alileta kahawa na halua. Nikamwomba Bibi kifuko.

"Kwa nini?"

"Mwalimu anaweza kukisoma."

"Kaandikiwa yeye?"

"Hapana, Bibi, lakini—"

"Basi hakisomi. Baba alizunguka nacho miaka arubaini na ngapi, hakikufunguliwa. Nikifungue mie, siku zangu zimebaki za kuhesabu kwa vidole?"

Nilikuwa na hoja zangu za chuoni, nimezipanga njia nzima. Nilimtazama usoni nikaona hazifai kitu. Mwalimu Liang aliniuliza Bibi amesema nini, nikamfasiria. Alifikiri, kisha akasimama, akatugeuzia mgongo, akajigusa kati ya mabega.

"Mwambie ilikuwa hapa. Mwenyewe hakuweza kuiona. Kila aliyetembea nyuma yake aliiona. Mtu akiwa na siri, haivai hapa."

Nilimfasiria neno kwa neno. Bibi aliuangalia mgongo wa yule mzee kwa muda, shati lake jeupe lenye jasho la safari.

"Maneno hayo baba hakuambiwa na mtu," alisema taratibu. Kisha, "Saliha, lete mkasi. Na uoshe mikono kwanza."

Saliha alikata uzi mmoja mmoja. Hariri ilitoka imekunjwa mara nne, mikunjo imegeuka rangi ya chai. Ilikuwa na bendera, na jua jeupe kwenye kipembe chake cha buluu, na chini yake maandishi ya mistari wima, na muhuri mwekundu uliofifia. Pembeni, nambari. Mwalimu Liang hakuigusa. Aliisoma kwa Kichina, kwa sauti, bila kusita, kama mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi. Baadaye alinieleza kwamba mama yake alifundishwa maneno hayo skuli, kama kila mtoto wa kijiji, ili siku rubani akianguka wayatambue, naye akamfundisha yeye.

"Inasema: Mgeni huyu amekuja Uchina kusaidia vitani. Wanajeshi na raia, nyote, mwokoeni."

Bibi alingoja. "Na jina la anayepelekewa?"

"Hakuna jina," Mwalimu alijibu, nami nikafasiri. "Ni kwa yeyote atakayemkuta."

"Aliyemkuta ni baba."

"Ndiyo, Bibi."

"Hakukuwa na mwengine pale."

"Hapakuwa na mtu."

Saliha alikuwa bado ameshika mkasi. Bibi aliitandaza hariri juu ya goti lake na kuilainisha kwa kiganja, mara mbili, mara tatu.

"Basi kaibeba barua yake mwenyewe," alisema. "Kafa anajiona kaikhini amana, hakuifikisha, na barua ni yake." Aliniangalia mimi. "Mwulize huyu. Hapa inasema mwokoeni. Baba hakumwokoa. Yule mtu alimfia mikononi."

Niliona uzito kumwuliza, lakini niliuliza. Mwalimu Liang alivua miwani.

"Mama yangu aliuliza swali hilo hilo darasani. Akifa je? Mwalimu wao akasema, basi asife peke yake. Kijijini kwa mama hakuanguka rubani yeyote. Alikaa na maneno yale maisha yake yote, asipate pa kuyatumia. Baba yako hakujua kusoma hata herufi moja yake, na akafanya yote."

Nilipomaliza kufasiri, Bibi aliinamisha kichwa. Nje muuza gesi alipita akigonga mtungi.

"Nipelekeni kwake," alisema.

Makaburi yapo nje kidogo ya mji, mawe tu yaliyosimikwa, bila majina. Wanawake wa rika lake hawaingii baina ya makaburi, kwa hivyo niliegesha gari karibu na ukuta, nikashusha kioo cha upande wake. Mwalimu Liang alibaki nyuma, amesimama wima, mikono ubavuni. Bibi aliwatolea salamu watu wa makaburini, kisha akashusha sauti, akazungumza kama mtu aliyeketi kitandani kwa mgonjwa.

"Baba, ni mie Mahfoudha. Barua imefika. Ilikuwa yako. Iliyoyataka uliyafanya, hata kabla hujaishona kwenye kaniki." Aliuegemeza mkono dirishani. "Na mie sikuweza kujua, baba. Unisamehe."

Hapo ndipo alipolia, kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Njiani kurudi aliishika hariri mapajani bila kuikunja. Nilidhani amelala.

"Hizi hapa pembeni nini?" aliuliza ghafla. "Si za Kichina hizi."

"Nambari, Bibi. Mwalimu anasema kila kitambaa kilikuwa na yake, na pengine iliandikwa mahali kapewa nani."

"Kwa hivyo ana jina."

"Huenda likapatikana."

"Na mama yake hakujua amelala wapi. Wala ndugu zake." Alitazama nje, mitende inapita. "Barua imefika, Alhamdulillahi. Khabari haijafika. Hii sasa yako wewe."

Aliniwekea kitambaa juu ya mkoba wangu uliokuwa baina yetu, taratibu, nami nikaendesha kwa mkono mmoja mpaka nyumbani, wa pili nimekishika kisipeperuke.

"Leo jioni uanze," alisema tulipofika mlangoni. "Shahada yako ipate kazi nyingine zaidi ya sinia."