Aliyekuja na Habari za Ewald

Irmgard alikuwa jirani yangu wa jiko moja. Mji wetu wa Kassel, Ujerumani, ulikuwa bado vifusi, na sisi wawili tuligawana chumba cha kupikia, bomba na umbeya. Mumewe, Ewald, alipelekwa vitani Urusi asirudi. Haikuja barua wala taarifa ya kifo. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitano. Bwana Lüders, muuza makaa, mtu mwema na mnene kidogo, alitaka kumuoa, na kila mara Irmgard alimjibu kwamba hataolewa mpaka atokee mtu aliyemwona Ewald akifa. Nilimwambia asiyekuwepo na lake halipo. Akaninunia siku mbili.

Kila treni ya mateka wa vita waliorudishwa kutoka Urusi ilipoingia, alisimama stesheni na ubao wenye picha ya Ewald, jina lake chini, na maneno kwamba habari ziletwe kwa Irmgard. Wanaume wale walipita wakiangalia viatu vyao.

Halafu mmoja akaja mpaka mlangoni. Mifupa mitupu, uso wa manjano. Alisema alikuwa na Ewald machimboni, kwamba homa ilimchukua usingizini, hakuteseka, na neno lake la mwisho lilikuwa jina la mkewe, Irmgard. Mwenzangu akalia, nami nikalia. Akamlisha supu ya viazi, akampa na koti la Ewald la baridi. Jioni ile akamkubalia Bwana Lüders. Ndoa ikapangwa Jumamosi.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku chache baadaye nilikwenda kwa dada yangu ng'ambo ya mto, na jikoni kwa jirani yake nikaliona lile koti. Ndani ya koti ni bwana yule yule, kijiko mkononi, akimweleza mjane mwingine kwamba mumewe alikufa usingizini akilitaja jina lake. Nilitamani kumpasua kichwa kwa sufuria. Nilirudi kwa miguu, kifua kinawaka.

Nilimkuta Irmgard akipiga pasi gauni la harusi, nikamwaga yote. Mkono wake haukusimama.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Shoga, Ewald hajaniita Irmgard hata siku moja. Mbele ya mchungaji tu, na hapo alilazimishwa. Mimi nilikuwa 'wee' au 'sikia'. Yule bwana alipotaja jina langu, nikajua hajamwona."

"Na koti ukampa?"

"Alikuwa anatetemeka." Akaiweka pasi kando. "Hanne, nimechoka. Wenzangu wamepata makaburi, mimi nilikuwa sijapata hata uongo. Sasa nimeupata. Usininyang'anye."

Hasira yangu yote ikaisha, nikabaki na huzuni isiyo na pa kuwekwa. Nikamshikia upindo wa gauni amalizie kupiga pasi.

Jumamosi akaolewa. Tulikula keki ya tufaha, Bwana Lüders akacheza dansi vibaya, watu wakacheka. Wameishi salama, sijasikia ugomvi. Lakini mlango ukigongwa, Irmgard hafungui kamwe. Bwana Lüders ndiye anayekwenda, naye Irmgard hubaki jikoni ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mpaka asikie ni sauti ya nani.