Shauri la Shamba Lisilokuwapo

Asubuhi ya siku ya mashauri Apolonia alipasha moto wali wa jana, akala nusu, nusu akaufunga kwa jani la mgomba, akavaa kaniki yake safi na kushika njia ya barazani kwa akida. Alikuwa akienda hivyo kila siku ya mashauri tangu masika yaishe, na mbwa wa Ifakara walikwisha kumzoea, hawakujisumbua kubweka.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Alikuwa na shamba la mpunga kando ya mto Lumemo, alilolifyeka pamoja na marehemu mumewe, nalo ndilo lililowalisha wajukuu wake. Masika yale mto ulijaa ukazidi, ukafunika mpunga na dungu la kuwingia ndege pia, na ni wakati huohuo akida Mbaruku alipopita kwa mtumbwi akitafuta ardhi ya pamba ya serikali ya Wadachi. Akida alikuwa mtu wa pwani. Bahari ya kwao hupwa na kujaa siku hiyohiyo. Maji ya kukaa miezi mitatu kisha yakaondoka zake hakuyaamini. Apolonia alinyoosha kidole chini, akamwambia shamba langu hili hapa. Katika bonde lile, wakati wa masika, mtu husema shamba langu liko chini ya maji kama mwingine anavyosema mume wangu yuko ndani amelala. Akida aliinama kando ya mtumbwi, akauona uso wake mwenyewe, akahukumu palepale: hapa hapana shamba, pana maji.

Kiangazi maji yaliondoka, shamba likajitokeza, jeusi, laini, zuri mno. Akida alisema ardhi hiyo imetokea bila mwenyewe, kwa hiyo ni ya serikali, akaleta watu wa zamu kupanda pamba.

Apolonia alileta wazee. Akaambiwa hukumu imekwisha tolewa. Alileta nguzo ya dungu lake. Hukumu imekwisha tolewa. Alimleta jirani aliyekuwa akigombania naye mpaka wa mashamba yao tangu ujana wao, na jirani akaapa kwa uchungu mkubwa kwamba shamba lile ni la mwanamke huyu mkorofi. Akida aliweka chini kijaluba chake cha tambuu.

"Kuanzia leo," alisema, "mwanamke huyu asilitaje tena shamba lile mbele ya baraza hili, wala mbele ya Mzungu, wala kwa mdomo wa ndugu yake. Lililohukumiwa limehukumiwa. Akirudia, mnyororo."

Tarishi wa baraza, Hilari, alikuwa mdogo wake marehemu mumewe Apolonia. Alimtafsiria amri kwa Kindamba, lugha ya kwao, ingawa Apolonia Kiswahili alikisikia vizuri.

"Shemeji, umeelewa?"

"Nimeelewa kwa lugha mbili. Kukaa naruhusiwa?"

Akida alifikiri. Kukaa si kutaja.

"Kaa."

Apolonia alikaa chini karibu na mlango. Roho ilimuuma hata wali wake hakuufungua. Alipoinuka jioni, pale alipokuwa amekaa palikuwa pamelowa.

Siku ya mashauri iliyofuata maji barazani yalifika kwenye vifundo vya miguu. Nje vumbi lilikuwa likitimka. Maji yaliishia kizingitini, hayakuvuka hata tone. Hilari aliwaza tu nani atalaumiwa. Wafungwa waliyateka kwa vibuyu wakayamwaga nje, nayo yakarudi ndani kwa kupita mlangoni, yakiwapisha watu wenye haraka. Yalipofika magotini yalikuja na perege. Yalipofika kiunoni, akida aliagiza mitumbwi, na mashauri yakaendelea.

Tena yaliendelea vizuri kuliko zamani. Watu ambao zamani walilikwepa baraza sasa walikuja bila shauri lolote, wamebeba ndoana. Askari wa zamu alivua kambale akiwa amesimama wima kwa nidhamu, bunduki bega la kulia, mshipi mkono wa kushoto. Shahidi mmoja katika ugomvi wa mbuzi alichukuliwa na mkondo hadi upande wa pili, akahesabiwa shahidi wa upande huo, na mwenye mbuzi akashindwa. Kiboko mchanga aliingia katikati ya shauri la talaka; aliambiwa asubiri zamu yake, akasubiri. Watoto wa Ifakara nzima walijifunza kuogelea serikalini.

Apolonia alikuja kila mara katika mtumbwi wa marehemu, kimya, mtiifu, hadi siku moja aliposimama.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba. Umekatazwa."

"Shamba silitaji. Naulizia baraza. Hapa tulipo pana nini?"

Akida aliinama kando ya mtumbwi, akauona uso wake.

"Sema wewe, Hilari," alisema Apolonia. "Wewe ndiye tarishi."

"Pana maji, shemeji."

"Na kwa hukumu ya Bwana Akida mwenyewe, penye maji pana kitu kingine chini yake?"

Hilari alimtazama akida, akayatazama maji. "Hapana kitu."

Kicheko kilianzia kwa wale wa talaka, kikamkumba askari, mshipi ukamponyoka; mitumbwi ikayumba, kiboko akazama kwa aibu. Apolonia mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa mara ya kwanza tangu masika alifurahi, furaha ya kweli, maana shamba aliliona linarudi, hata harufu ya tope lake aliisikia puani.

Akida Mbaruku hakuwa mjinga. Alitafuna tambuu yake taratibu mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Mama huyu amesema kweli," alisema. "Hapa hapana baraza. Na pasipo baraza, hakuna wa kuitengua hukumu yangu."

Watu walipiga makofi, maana lilikuwa jibu zuri. Hata Apolonia alikwisha kupiga mawili kabla hajakumbuka kwamba aliyeshindwa ni yeye.

Maji hayakuondoka tena. Akida alihitaji mtu wa kumvusha kutoka mlangoni hadi penye kiti chake, na kwa kuwa hapakuwa na mkono mtulivu kuliko wa Apolonia, alimteua yeye. Wageni waliopita kutoka mashariki wakinong'ona habari za maji yanayoshinda risasi waliambiwa na watu wa Ifakara kwamba maji wanayo, yako barazani, karibuni mvue.

Masika yaliporudi, Lumemo ulijaa ukaifunika pamba yote. Mzungu mmoja kutoka bomani alikuja kukagua, na Apolonia akaagizwa kuwachukua yeye na akida katika mtumbwi. Katikati ya maji mapana akida alimwambia Apolonia asimamishe mtumbwi, kisha akanyoosha kidole chini.

"Shamba la serikali, Bwana Mkubwa, hili hapa."

Mzungu aliinama kando ya mtumbwi, akatazama kwa muda.

"Zuri," alisema. "Kubwa."

Upondo aliosukumia mtumbwi Apolonia ulikuwa umegusa chini, na tope lile mikono yake ililijua. Shamba alikuwa amekatazwa kulitaja. Akasukuma.