Maji ya Choo Yaliyokwenda Biro

Mama Asumini, yule anayekaanga samaki wadogo, sambaza, kwenye kona ya avenue, anasema alikuwa nje na birika yake, anatawadha kwa sala ya alfajiri, wakati maji yalipotoka nyumbani kwa jirani yake, Mama Mukamugema. Anasema hayakumwagika. Yalitoka kwa mulango kama mutu aliyeitwa, yakapinda kushoto, yakashika barabara. Barabara pale inapanda, na maji yakapanda nayo, polepole, kwa upande wa kuume, ili chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba makala ya kupikia, zipate kupita. Juu yake ilielea kambambili moja ya kijani, ndala ya Mama Mukamugema. Mama Asumini alikunja kitenge, kwa sababu alikuwa amekwisha kunawa miguu na hakutaka kuanza tena. Hakuyasalimia.

"Maji ya choo, na mimi niko na udhu," anasema. "Nitayasalimia je?"

Watu wa avenue wanajua kwamba Mama Asumini huongeza chumvi kwa samaki na kwa habari. Siku ile hakuongeza.

Maji yenyewe yaliingia kwa Mama Mukamugema siku ya mvua kubwa. Ulikuwa mwaka ule vita ilisukuma watu wa Kibumba na wa Rutshuru kuja mujini. Nyumba zilijaa, vyoo vikajaa, na kanivo, ule mufereji wa saruji unaopitisha uchafu wa avenue nzima, ilibaki vile vile. Mvua ilipopiga, uchafu ulikataa kushuka. Ulirudi kwa tundu la choo, ukaingia sebuleni, ukafika kwenye vifundo vya miguu. Matela ya kulalia iliyokuwa chini ililoa. Mulango wa mbao ulivimba, ukakataa kufungika. Sebuleni walikuwa wanalala dada ya Émérance na watoto wake, waliofika kutoka Kibumba na sufuria tupu. Wakahamia juu ya meza.

Émérance ni mukamwana wa Mama Mukamugema, muke wa mutoto wake. Bwana yake alikwenda Butembo kutafuta bidhaa, barabara ikafungwa nyuma yake, akabaki huko. Kwa hiyo rakleti na ndoo alishika yeye. Alikuwa ameanza kusukuma maji nje kwa rakleti hiyo wakati Papa Achille wa biro ya kartie, ile ofisi ya mutaa, alipofika. Papa Achille alisimama barabarani, asiloweshe viatu vyake vilivyopakwa rangi.

"Mama, achia hiyo rakleti," alisema. "Leta, serikali yetu, iko na musaada. Kila nyumba yenye kuharibika itapata matela, mulango mupya na saruji. Lakini komisio ya ukaguzi inapashwa kuona maji kwa macho. Ukiitoa, utaonyesha nini?"

"Komisio inakuya lini, Papa?"

"Iko njiani."

Basi avenue nzima ikaanza kuchunga maji machafu kama watu wanavyochunga mbuzi. Watoto walikatazwa kuyarukia, yasipungue. Mama Généreuse, ambaye yake yalianza kukauka, alikuja na beseni kuomba kidogo.

"Nitakurudishia," alisema.

"Chukua tu, mama, huku ni mengi," Émérance akajibu, akamuchotea beseni nzima. Mutu hawezi kumunyima jirani maji.

Lakini komisio haikufika. Mama Mukamugema akaanza kukohoa. Dada ya Émérance akafunga tena furushi lake, akasema afadhali waende wote Mugunga, kwenye kambi, kule kuna hema na chini ni mawe makavu. Émérance alijua magoti ya mama mukwe wake muzee hayawezi kufika Mugunga. Alijua pia kwamba nyumba ikiachwa siku za vita, unarudi unakuta wengine wamepika ndani, na wanakuuliza wewe ni nani.

Ijumaa jioni akakumbuka kwamba kesho ni salongo. Jumamosi avenue zote hufagia, na watu wa usafi, wa biro ile ile, hupita wakibeba kiti au sufuria ya kila mwenye nyumba chafu, iwe faini.

"Tukitoa maji tunakosa mulango," Émérance akasema. "Tukiacha maji wanabeba sufuria."

Mama Mukamugema alikuwa kitandani, ameinua miguu. Aliyatazama maji, akasema nayo, kwa sauti anayotumia kwa wageni wasiotaka kuaga.

"Sikia, weye maji. Nimekimbia masasi. Nimekimbia moto wa mulima. Mavi sitakimbia. Kama ba biro banataka kukuona, enda we mwenyewe bakuone."

Akageukia ukuta, akalala. Na alfajiri yake Mama Asumini akaona alichoona.

Émérance alipoamuka, alikuta chini ni pakavu. Alipapasa kwa mukono, kisha akatafuta sabuni. Alisugua hadi simenti ikarudisha rangi yake. Mama Mukamugema alishusha muguu mumoja, akashusha wa pili, akasema simenti ni baridi, akaomba chai. Dada alifungua furushi. Nyumba nyingine, kusikia hivyo, ziliyasemesha maji yao, mengine kwa upole, mengine kwa matusi, nayo yakaondoka. Hata yale ya beseni ya Mama Généreuse. Watu wa usafi walipopita, hawakupata cha kubeba. Jioni ile avenue ilicheka kama siku ya harusi.

Huko biro, maji yalikaa kwenye benchi ya wageni, nje ya mulango. Papa Viateur, aliyekuja kutafuta hati ya mutoto wake, aliyaambia yasogee kidogo, yakasogea. Papa Achille alipofungua mulango aliuliza yametoka parseli gani, kiwanja cha nani, na Papa Viateur akamuonyesha ile kambambili. Yaliyofika baadaye yalikosa nafasi. Yakazunguka nyuma ya biro, yakaegemea ukuta wa depo mupya, ghala la biro. Hapo kila aliyepita aliona kwamba depo imejengwa juu ya kanivo, imeikalia kabisa, na uchafu wa avenue hauna pengine pa kupita.

Komisio ilifika Jumatatu, kwa motokari. Ilipita mbele ya biro, ikatembelea avenue kwanza.

"Hapa ni pazuri," mukubwa wao akasema ndani ya nyumba ya Mama Mukamugema. "Hakuna kilichoharibika."

"Maji iko kwa biro, Papa," Émérance akasema. "Ilienda kuwangojea."

"Tumeiona. Basi mwenye kuharibikiwa ni biro."

Wakateremusha kila kitu biro: matela, milango, saruji. Kwa saruji ile mafundi walianza chumba cha pili juu ya kanivo, cha kuwekea matela. Walifanya kazi wakiwa na buti, kwa sababu ya maji, na maji yaliwapisha walipobeba matofali.

Émérance alipanda biro jioni moja. Shefu wa kartie alikuwa kwenye ngazi.

"Papa Shefu, matela mubakie nayo," akasema. "Mulango tunafunga na kamba, na tunalala muzuri, aksanti. Minaomba kitu kimoja. Hii nyumba mulijenga juu ya kanivo, muiondoe mbele ya mvua kurudi."

Shefu alifungua kinywa. Wakati ule ule filimbi ikalia, na Papa Achille akaanza kushusha bendera. Kila mutu akasimama alipokuwa, kama inavyotakiwa: wasukuma chukudu na mizigo yao, mafundi na karai, maji nayo, bila hata kiwimbi. Shefu alifunga kinywa, akanyoosha mikono kwenye mapaja.

Bendera ilifika chini. Papa Achille akaikunja, akaingia nayo ndani. Watu wakaendelea na njia zao. Shefu tu alibaki amesimama wima, macho juu ya mulingoti mutupu, kama mutu ambaye bendera yake bado inashuka.

Émérance akamungojea ajibu. Nyumbani kulikuwa kukavu, muzee alikuwa amelala bila kukohoa, na yeye alikuwa na nafasi.