Kengele ya Bure

Felista aliona rangi ya maji kwanza. Kijito kilichopita kando ya jiko lake, ambamo asubuhi alioshea sufuria, kilikuwa kimegeuka kama chai ya maziwa, na juu yake yalielea majani ya miti isiyoota upande ule wa Tarime. Akauacha mwiko ndani ya ugali, akakimbia hadi kwenye duara, shimo ambamo mwanawe Simon na wenzake walikuwa wakichimba dhahabu.

"Watoe! Maji yanakuja!"

Athanas, msimamizi wa duara, aliitazama simu iliyoning'inia kwenye nguzo. "Mama Simon, kengele haijalia."

"Nimesema watoe!"

Wakatolewa, wa mwisho akiwa amelowa hadi kiunoni, kiatu chake kimoja kimebaki chini. Wakacheka, kama vijana wanavyocheka wakishapona. Felista hakucheka.

Kengele yenyewe ilikuwa programu ya simu. Mvua kubwa ikinyesha juu kule Mbalibali, wakulima waliojitolea walitoa taarifa humo, na simu za maduara yote kando ya kijito zikalia kwa kelele ya kutisha. Faridu, fundi simu wa Nyamisangura, ndiye aliyeianzisha. Aliyaacha wazi maelekezo yanayoiendesha, yeyote aweze kuyarekebisha, na watu asiowajua hata sura wakaiongezea hiki na kile. Hakuna aliyelipwa, wala hakuna aliyetozwa. Tangu watu wafurike kutafuta dhahabu, hakuna mwingine aliyekuwa amewapa wachimbaji chochote, hata kamba.

Jioni Felista aliishusha ile simu, akaja nayo jikoni, akaigusa programu kwa kidole. Hapo hapo ikapiga kelele. Ilikuwa ni mvua ya mchana, ndiyo kwanza inatangazwa.

Akaelewa. Simu iliishiwa chaji kila siku, ikapelekwa kwenye sola, ikarudishwa imewaka. Lakini kengele haikuwa ikiamka pamoja na simu. Ililala mpaka mtu aifungue.

"Tumwambie Faridu," alisema.

"Thubutu!" Athanas akadakia. "Kuna jamaa alimwandikia kwamba kengele yake takataka. Faridu akamjibu, basi njoo nikurudishie ulicholipa. Akasusa siku kadhaa. Akiiondoa je? Kitu cha bure, mama, unakipokea na ubovu wake."

Mwikwabe wa duara la jirani, aliyekuwa akinywa uji pale jikoni, akatikisa kichwa. "Hata yetu iliwahi kunyamaza. Lakini utaanzaje kumlaumu mtu aliyekutendea wema? Mimi nilimwandikia asante tu."

Felista aliwaelewa. Kwao alikokulia, jirani akikuazima ng'ombe wa kulimia, naye akawa anachechemea, jioni unamrudisha kwa shukrani na kibuyu cha maziwa. Husemi neno. Msimu unaofuata, mwingine anaazimwa ng'ombe yuleyule. Ndivyo alivyokufa kaka yake Felista: ng'ombe alianguka kwenye korongo, akamlalia. Msibani majirani walinong'onezana kwamba mguu ule waliujua.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Nyamisangura, na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kikapu. Alimkuta Faridu akichomelea waya, mtoto mchanga amelala begani mwake, naye amejipinda ili moshi usimfikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza."

Alimwacha ale. Kisha akasema, "Jana kengele ilitunyamazia."

Uso wa Faridu ukajifunga. "Hata wewe, mama? Ile kazi naifanya watoto wakishalala. Kila anayenipigia ananikaripia kama ndiye anayenilisha."

"Sikukaripii. Sina haki ya kukudai. Lakini nikikunyamazia, nakudanganya. Utaendelea kudhani watu wako salama. Izime simu, uiwashe, ujitumie kengele mwenyewe."

Faridu akafanya hivyo, akaitumia kengele ya majaribio kutoka simu nyingine. Kimya. Ilisikika pumzi ya mtoto tu. Akaifungua programu kwa kidole, kelele ikalipuka, mtoto akaamka akilia.

"Tangu lini?"

"Mimi nimejua jana. Wenzangu, kitambo."

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Walikuonea haya, baba."

Kabla hajajibu, simu ikapiga kelele tena. Faridu akaitazama. "Hii si ya majaribio. Ni Mbalibali."

Felista akampigia Athanas.

"Mama, niliifungua asubuhi kwa kidole, na tangu irudi kwenye sola haijalia. Huku jua linawaka, na leo tumepata mwamba mzuri. Usitutie nuksi."

Faridu akaichukua simu mkononi mwa Felista, akaiweka kwenye spika. "Mimi ni Faridu. Kengele yangu ni mbovu. Usiiamini. Watoe!"

Athanas akasikika akiwapigia kelele walio shimoni, kamba zikikwaruza, na baada ya muda ulioonekana hauishi, sauti ya Simon: "Nani tena ametutoa? Si mama huyo!"

Felista akakaa sakafuni.

"Athanas," akasema, "kimbilia kwa Mwikwabe."

Walisikia viatu vyake vikikanyaga mawe. Faridu aliitafuta namba ya Mwikwabe kwenye simu yake, akaikuta kwenye ujumbe wa zamani: Asante kwa kengele, Mungu akuzidishie. Akaipiga. Felista akampokea mtoto ili fundi apate mikono yote miwili.

Simu ya Mwikwabe iliita. Na kupitia simu ya Athanas waliisikia ikilia huko huko, karibu sana.

"Iko kwenye nguzo," Athanas alisema akihema. "Hapa juu hakuna mtu. Winchi ya kuvutia mawe imeachwa. Naye ameshuka shimoni." Nyuma ya sauti yake palikuwa na mvumo wa maji, kama lori linalopanda mlima. "Mwikwabe! Mwikwabe ee!"

Kila alipoita alinyamaza, akasikiliza. Nao Nyamisangura wakanyamaza, wakasikiliza pamoja naye. Hata mtoto alikuwa ameacha kulia.