Nywele Kwenye Mchele

Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, na Ng'washi alipepeta huku mtoto wake, Malale, amelala mgongoni. Hapo pembezoni mwa mji wa Mpanda wanawake hukaa kwenye turubai mbele ya ghala, kila mmoja na ungo wake. Wanatoa mawe na chembe za mpunga ambazo mashine imezikosa, kisha wanamimina mchele safi kwenye viroba. Pumba huwaganda mpaka kwenye kope.

Wenzake walikuwa wanapiga soga kwa sauti kubwa ili wasikike. Ng'washi, kila akirusha ungo, alikodoa macho kutafuta kitu cheusi katikati ya mchele mweupe.

Nywele zilianza kumtoka Ng'washi mtoto wake alipofikisha miezi mitatu. Mwanzoni aliziona kwenye kitana, akadhani ni uchafu wa kusuka na kufumua. Kisha akaanza kuziona kwenye mto, kwenye khanga, hata kwenye ngumi ya mtoto akinyonya. Siku hizi zilijitokea zenyewe. Juu ya masikio na juu ya paji la uso ilikuwa imebaki ngozi tupu. Alifunga vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, na bado zilipenya.

"Mama Malale! Hebu njoo."

Farhan, kijana anayesimamia mashine ya baba yake, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala. Mkononi alishika mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na kifundo cha nywele kimechanganyika na punje za wali.

"Shule imerudisha mzigo," alisema. "Mpishi kakuta hizi kwenye sufuria. Mzee kanimaindi vibaya sana."

"Zinaweza kuwa za mtu yeyote, bosi."

Farhan alimtazama begani, na Ng'washi akageuza shingo kufuata macho yake. Nywele mbili zilikuwa zimelala juu ya blauzi yake. Alizipangusa haraka, akaona aibu kwa kuzipangusa.

"Sikia, dada yangu. Mimi sina shida na wewe. Lakini watu wanaongea. Wanasema huyu mama kakonda, nywele zinapukutika, ana ugonjwa. Leo saa kumi gari la shule linakuja, na mtu wao anataka kuwaona wanaochambua. Nenda hospitali, uniletee neno la daktari. Bila hivyo nafasi yako namweka mtu mwingine. Utanisamehe."

Ng'washi alitembea kwenda kituo cha afya bila kuhisi ardhi. Neno moja lilimzunguka kichwani: ugonjwa. Mume wake, Masele, alikuwa malishoni Kasansa na ng'ombe tangu kiangazi kianze. Mwanaume akikaa mbali hivyo, nani ajuaye analala wapi? Na kama ni kweli, je, mtoto? Alimtoa mgongoni, akamkagua mdomo na kucha, akamfunga tena. Hatua chache mbele alisimama, akamkagua upya.

Kwenye benchi nesi alimuuliza shida yake, na aliponong'ona, nesi akarudia kwa sauti: "Nywele? Umekuja kwa ajili ya nywele?" Wagonjwa wawili walicheka. Alichomwa kidole, akatolewa pia damu ya mshipa, akaambiwa asubiri. Mlango wa maabara ulifunguliwa na kufungwa mara nyingi, na kila ulipofunguliwa alinyanyuka, akaketi tena.

Daktari alikuwa mwanaume wa makamo aitwaye Cletus. Alimwambia avue vitambaa. Hakushtuka. Alivuta nywele chache polepole, zikamfuata mkononi bila ubishi.

"Huna virusi," alisema. "Na majibu hayo ni yako. Bosi wako hahusiki kuyajua."

Ng'washi alifunika uso kwa mkono. Alilia kidogo, bila sauti, mpaka mtoto akaamka.

"Sasa nisikilize, mama. Ukiwa na mimba, homoni zinakuwa juu, zinashikilia nywele. Umejifungua, zimeshuka, na nywele zilizoshikiliwa zinaachia kwa pamoja. Hilo huwapata wengi, na huwa linapita lenyewe. Lakini wewe una jambo la pili. Damu yako ni kidogo sana. Unakula nini?"

"Ugali. Na chai."

"Ugali na nini?"

"Na mlenda, ukipatikana. Mchana tuko mashineni, tunakunywa chai na kiazi."

"Nyie si mna ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wa kuuza, daktari. Hatuli ng'ombe."

"Mwili hauna akili ya mapambo. Madini ya chuma yakipungua kwenye damu, unayapeleka kwenye moyo na maziwa ya mtoto, nywele unaziacha zife. Kula dagaa, maharage, matembele, maini ukiyapata. Kamulia ndimu. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Kuna na tezi ya shingoni, ikisumbua nayo inaangusha nywele, lakini kipimo chake hapa hatuna. Mpaka Mbeya."

"Mbeya!"

"Ndiyo. Tuanze na vidonge vya kuongeza damu. Zitaota, ila ni kazi ya miezi."

Alimwandikia mstari mmoja, kwamba hana maradhi ya kuambukiza. Kwenye dirisha la dawa msichana alitikisa kichwa kabla Ng'washi hajamaliza kusema. Vidonge vya damu vimeisha. Ajaribu wiki ijayo, au anunue nje.

Farhan alisoma ile karatasi amesimama, akaonekana kupumua. "Afadhali. Kwa hiyo zitaacha kuanguka lini?"

"Daktari kasema miezi. Nikila vizuri."

"Miezi?" Alitazama saa ya simu. "Mama Malale, gari linakuja leo. Fanya hivi: nenda nyumbani, kapumzike, ule vizuri. Zikiota, rudi."

Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. Ng'washi alitaka kumuuliza atakula vizuri nini akiwa nyumbani, lakini Farhan alikuwa ameshageuka kurudi ghalani. Akaondoka.

Mama mkwe wake, Esteria, alikuwa nje ya chumba chao akichambua mboga. Ng'washi alimkabidhi mtoto, akaingia ndani, akatoka na wembe na bakuli la maji.

"Mayu, mama yangu, ninyoe."

Bibi yule aliacha mboga. "Ninyoe nini? Kuna msiba? Mwanangu yuko hai huko Kasansa, wewe unataka kunyoa kichwa?"

"Wananifukuza kazi kwa sababu ya hizi. Zisipokuwepo, watanifukuza kwa sababu gani?"

"Masele akija ataniuliza mimi. Majirani watakuja kutoa pole. Nitawajibu nini?"

Ng'washi alifungua kitambaa cha kwanza, kisha cha pili. Esteria hakuwa amekiona kichwa hicho tangu kiangazi kianze. Aliangalia ngozi iliyong'aa, na vishungi vilivyobaki hapa na pale. Mikono yake ikashuka mapajani.

"Nilipomzaa Masele zilinitoka hivihivi," alisema. "Wakasema wifi yangu kanifunga kwa uchawi. Tulihasimiana mpaka akafa, sijamsalimia."

Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akachovya wembe majini.

Ng'washi alipoingia tena mashineni, kichwa kikiwa wazi kabisa, mashine ilikuwa imezimwa ili ghala lifagiliwe. Kimya kilimfanya asikie kandambili zake mwenyewe. Mary, aliyekaa mwisho wa turubai, alishika kifua. "Jamani, pole. Nani?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Ng'washi. Akaketi mahali pake, akavuta ungo. Akachota mchele.

Farhan alitoka ghalani, akaganda. Kisha uso wake ukachangamka, kama mtu aliyekuwa akihangaika na ufunguo na sasa kufuli limefunguka.

"Hapo sasa! Huyu ndiye mfanyakazi. Na kusema kweli hii itamaliza ishu yote. Kesho nyie wote mje hivihivi. Kipara. Mteja akiona, roho yake inatulia."

Wanawake walimgeukia Ng'washi, si kwa chuki, bali kwa macho ya watu waliofungiwa mlango na mwenzao. Ng'washi alihisi ubaridi ukimshuka kutoka utosini. Yeye alitaka kulinda nafasi yake tu.

Séverine, mama kutoka makazi ya Mishamo, asiyekuwa na mtoto mdogo wala mimba, alisimama. Alifungua kilemba chake taratibu. Katikati ya kichwa, kutoka utosini mpaka karibu na kisogo, hapakuwa na kitu.

"Mimi nitanyoa nini, bosi?" aliuliza.

Mary naye akasimama, akafungua chake. Yeye alikuwa amebakiwa na nywele nyembamba, rangi ya kutu. Kisha mwingine, mpaka wote wakawa wamesimama. Walikuwa wameketi bega kwa bega msimu mzima, na kila mmoja alikuwa ameficha chake.

Ng'washi aliweka ungo chini, naye akasimama. "Daktari kasema ni chakula," alisema. "Hata hizo za kwenye sufuria hatujui ni za nani. Tunakunywa chai kutwa. Leteni maharage mchana, na dagaa. Basi."

"Maharage?" Farhan alicheka kwa wasiwasi, akitafuta wa kucheka naye. "Mama, hapa ni mashineni, si hotelini. Hebu, haya, kaeni. Gari hilo hapo."

Kweli, gari lilikuwa linaingia getini kinyumenyume, na mtu wa shule alikuwa ameshashuka, akikunja mikono ya shati. Farhan alitoa simu kumpigia baba yake. Iliita, ikaendelea kuita.

Wanawake walibaki wamesimama, vichwa wazi juani. Hakuna aliyeshika ungo.