Spika ya Kushoto

Mimi nakula kwa masikio. Mafundi wengine wa miziki ya magari hapa Voi wana mashine za kupimia sauti, na mmoja ana cheti amekitia fremu ukutani. Mimi nina masikio mawili niliyopewa na Mungu. Nikimaliza kufunga spika huketi kiti cha dereva, hufumba macho, na huzungusha kitufe mpaka mwimbaji asimame katikati, pale juu ya dashibodi, kama yumo ndani ya gari. Ndiyo sababu watu huniletea magari kutoka Taveta na Wundanyi ilhali kwao kuna mafundi. Jeuri nayo ninayo, sikatai. Shangazi yangu Mwanarusi, anayeuza chai na viazi karai mlangoni pangu, husema ningekuwa na ulimi mfupi ningekuwa tajiri.

Basi akaja Lewis, mtu wa Mraru, na Pijo 504 ya marehemu babake. Gari la mwaka sabini na sita, rangi ya maziwa, halina kutu hata ya dawa. Lewis ni pandikizi la mtu, kazi yake kuvunja mawe kwenye machimbo kule Kishushe. Jumamosi alikuwa apeleke mahari Chala, na alitaka wakwe wamsikie kabla hawajamwona. Redio ya mzee ilikuwa imebaki kukoroma tu.

“Fundi, weka redio mpya, spika nne, na amplifaya chini ya kiti,” aliniambia. “Lakini milango usikate. Mzee alikuwa anapangusa hii milango na mkono wake kila Jumamosi. Usikate chuma. Tumeelewana?”

“Tumeelewana,” nikasema.

Nilimdanganya. Spika alizoleta zilikuwa pana kuliko nafasi iliyo katika mlango wa Pijo. Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kuzirudisha dukani nikachukua ndogo. Lakini spika ndogo hazina besi, nami sikutaka gari litoke kwangu likilia kama mbuzi. Nikajiambia, nikikata chuma cha ndani na kurudisha ubao wa mlango juu yake, nani ataona? Jumatatu asubuhi nikawasha grenda.

Nilikuwa nimemaliza mlango wa kulia na kufika nusu ya wa kushoto nilipoona viatu vikubwa pembeni yangu. Nikazima grenda. Lewis aliinama, akaokota kipande cha mviringo nilichokikata, akakigeuza. Upande mmoja kilikuwa bado na rangi ya maziwa.

“Nilikuambia nini?”

Ningesema samahani. Neno lenyewe fupi. Badala yake nikasema, “Bwana, wewe unajua kuvunja mawe. Muziki niachie mimi.”

Kofi sikuliona likija. Lilinishukia sikio la kushoto, kiganja kizima, likalifunika sikio kama mfuniko wa sufuria. Kitu kilipasuka humo ndani. Nilijigonga kwenye mlango, nikateleza mpaka chini, na mkono wangu ukakutana na spana ya magurudumu. Sikufikiri. Nilinyanyuka nayo na kumpiga kipaji cha uso, na damu ikamtoka kwa wingi hata mimi nikashtuka. Yeye hakushtuka. Alinikamata koo akanigonga kichwa kwenye nguzo, mara moja, mara mbili. Nikamng'ata kidole gumba mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Tulianguka pamoja katika vumbi la chuma, yeye juu, mimi chini, na nasema kweli, wakati ule kila mmoja wetu alitaka kuua.

Aliyetuachanisha ni shangazi. Alikuja na sufuria ya chai iliyokuwa jikoni, akatumwagia miguuni. Tukaachana tukipiga mayowe.

“Hasira hasara!” alifoka. “Na chai yangu pia hasara!”

Watu wakajaa. Wote wakamzunguka Lewis, maana damu yake ilionekana. Walimpeleka hospitali akashonwa nyuzi saba. Mimi nilikaa juu ya tairi, na hakuna aliyeniuliza lolote ila shangazi, naye aliniuliza kama nina haya. Polisi hakuna aliyetaka kwenda. Lewis alikuwa na wakwe wa kufikiria, nami nilikuwa na spana ya kueleza.

Usiku huo sikio lilipiga filimbi bila kunyamaza. Shangazi, hasira zimempungua, alilitia mafuta ya simsim na pamba. “Ni uvimbe tu,” alisema. “Utashuka.” Nami nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini.

Jumatano mama yake Lewis, Mama Tryphena, alikuja na mwanawe. Ni mama mwembamba, mtu wa kanisa, na Lewis na ukubwa wake wote alitembea nyuma yake, plasta usoni. Mama alikuwa na bakuli la maji.

“Mmetoana damu,” alisema. “Huyu hawezi kwenda kwa wakwe na hasira ya mtu iko mgongoni. Kwetu sisi Wadawida wa Taita kuna kutasa. Unapiga funda la maji, unalipuliza nje, unasema hasira yako itoke nayo.” Akaitazama kofia yangu. “Wazee walitumia pombe ya miwa. Lakini mimi ni Mkristo na wewe ni Mwislamu. Maji yatatosha.”

“Sawa, mama.”

“Lakini usibakishe, mwanangu. Ukibakisha kitu moyoni, umeyadanganya maji.”

Lewis akatangulia. Alipuliza maji chini, akasema, “Hasira ya mlango wa baba imetoka.” Kisha mimi. Maji yalikuwa baridi. Nikayapuliza, nikasema, “Yangu imetoka. Moyo wangu mtupu.” Na nilisema kweli. Kofi ni kofi, nami pia nilikuwa nimempasua uso. Nilimwona Lewis, plasta na aibu, nikamhurumia hasa.

“Umeshakata,” akaniambia akiondoka. “Malizia tu, fundi.”

Alhamisi asubuhi nilimaliza. Redio mpya ilikaa vizuri mahali pa ile ya zamani, amplifaya iko chini ya kiti, mbao za milango zimerudi na makovu hayaonekani. Nikatoa pamba sikioni, nikaketi kiti cha dereva, nikaweka rumba ya zamani, nikafumba macho.

Mwimbaji hakusimama juu ya dashibodi. Alisimama dirishani kwangu, upande wa kulia, kama mchuuzi wa njugu.

Nikazungusha kitufe kwenda kushoto. Akabaki palepale. Nikazungusha mpaka mwisho, ikawa inapiga spika za kushoto peke yake, na muziki ukasikika kwa mbali, mfano wa redio ya jirani. Nikaitukana spika. Nikamtukana aliyeiuza na mama aliyemzaa aliyeiuza. Nikafungua ubao wa mlango, nikabadilisha nyaya, nikaongeza nguvu ya amplifaya upande ule hadi mwisho. Niliweka kiganja juu ya spika. Ilikuwa inapiga kweli kweli, kiganja kilitetemeka. Lakini nikirudi kitini, muziki unakuwa mbali.

Nikapiga magoti juu ya kiti nikageukia nyuma kuchukua koleo. Muziki ukanilipukia sikio la kulia.

Nilibaki hivyo, nimeshika koleo. Nikageuka mbele, ukaenda mbali. Nikageuka nyuma, ukarudi. Nilifanya hivyo mara nne au tano, mtu mzima, kama mwehu. Kisha nikazima redio, nikampigia binti yangu Aliya, anayesoma Mombasa.

“Baba?” alisema katika sikio la kulia. “Baba, hujambo?”

Nikahamisha simu kushoto. Kimya. Hata ile filimbi ya usiku ilikuwa imekufa. Nikairudisha kulia.

“Baba, mbona huongei?”

Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Nililia ndani ya gari la watu nikiwa nimefunga vioo. Miaka ishirini na mbili nimemsimamisha mwimbaji katikati ya dashibodi, na sasa sitamwona tena hapo. Kwa sikio moja katikati haipo. Na nilimchukia Lewis kuliko siku ile tuliyokuwa chini tukigaragara.

Ijumaa baada ya swala alikuja na mama yake. Mama Tryphena akaingia kiti cha nyuma, mkoba magotini. Lewis akaketi mbele, akawasha muziki, akatabasamu, kisha akakunja uso na ile plasta yake.

“Fundi, mbona kushoto inapiga kelele hivi? Kulia hata sisikii.”

Nilikuwa nimeacha kila kitu kama kilivyokuwa. “Rekebisha wewe,” nikasema. “Mimi siwezi.”

“Aje huwezi? Si ndiyo kazi yako?”

“Ilikuwa.” Nikagusa sikio. “Hili umeliua, Lewis.”

Alinitazama, akatazama kiganja chake cha kulia kilichokuwa juu ya usukani. Uso ukamshuka kabisa. Alishuka kwenye gari polepole, muziki unaendelea, akasimama mbele yangu, akafumba macho na kunigeuzia sikio lake la kushoto.

“Nipige,” alisema. “Tuwe sawa.”

“Lewis, ingia kwa gari,” mama yake aliita. Hakuingia.

Nikamtazama Mama Tryphena kupitia kioo. “Nilikuambia moyo mtupu, mama. Nilikuwa sijajua.”

Aliinamia mkoba wake. Shangazi alikuwa amesimama na kijiko cha viazi, viazi vyenyewe vikiungua nyuma yake.

Nilimpiga. Nilirudi hatua nyuma, nikampiga kwa kiganja kizima na kwa uzito wangu wote, na kwa miaka ishirini na mbili. Aliyumba, akaangukia mlango wa babake, nyuzi za kipaji zikafumuka na damu ikachirizika juu ya rangi ya maziwa. Mkono wangu ukawaka moto. Nilingoja nijisikie nafuu, na haikuja. Nikamshika bega nikamwinua.

“Unasikia?” nikamuuliza kwenye sikio lile nililolipiga.

Alikuwa amenisimamia kushoto. Midomo yake ilicheza, machozi na damu vikimchuruzika, wala sikupata kitu. Ikabidi nigeuze kichwa.

“Sema tena.”

“Nasikia,” alisema.