Bosi Ameshiba

Chuo kizima kilijua kwamba Bosi hana shida. Ushahidi walikuwa nao: mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, suruali zilizomkaa utadhani alizaliwa nazo, na mwendo wa mtu asiyekimbilia kitu. Wenzake aliosoma nao upimaji wa ardhi ndio waliompa jina hilo, na likamganda. Hakuna aliyewaza kwamba nguo nzuri zinaweza kutoka kwa mama fundi cherehani anayeshonea barazani, tena kwa vitambaa vilivyobaki kwa wateja. Na ule mwendo wa taratibu, jamani, hayakuwa madaha. Ilikuwa njaa.

Muhula ule mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Mdogo wake wa kike alikuwa ameingia sekondari, wateja wa mama walikuwa wamehamia kwenye nguo za dukani, na kile kidogo alichokuwa akitumiwa kwa ajili ya chakula kikaanza kuja kwa kusuasua, kisha kikakoma. Bosi hakusema kitu. Asubuhi chai ya rangi, mchana maktaba, jioni mkate mkavu na maji mengi. Mkanda aliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Suruali ilipoanza kujikunja kiunoni kama mdomo wa gunia, akamtumia mama yake ujumbe: suruali ikipwaya inapunguzwaje? Akaongeza upesi kwamba anauliza kwa niaba ya rafiki. Mama akajibu kwamba inategemea huyo rafiki yukoje, watazungumza.

Siku moja, kwenye mazoezi ya nje, alipewa kazi ya kushika fimbo ya vipimo isimame wima. Kazi yenyewe ni kusimama tu, hata mlingoti unaiweza. Lakini fimbo ilitikisika, kwa sababu aliyeishika alikuwa anatikisika, na mwalimu akamwambia apunguze kukesha. Wenzake wakacheka, naye akacheka. Jioni ile akakata shauri. Angebisha mlango mmoja tu. Ukimshinda, angefunga begi, arudi nyumbani, amwambie mama kwamba shule itasubiri.

Mlango huo ulikuwa wa stoo ya chakula ya wanafunzi, nyuma ya bwalo, ubavuni mwa chumba cha kufulia. Wenye maduka, walimu na watu waliowahi kusoma pale walileta mchele, maharage, unga, mafuta na sabuni, na mwanafunzi aliyepungukiwa aliingia akachukua bila kuhojiwa. Kila mtu alijua stoo ipo. Ila kujua ipo ni jambo moja, na kuonekana unaingia ni jambo jingine kabisa.

Alikwenda mchana kweupe, amevaa shati lake bora kuliko yote, kosa ambalo angelifanya yeye tu. Alipofika, mguu ukagoma. Kando ya mlango palikuwa na ubao wa matangazo wenye tangazo moja lililopauka kwa jua: maji yatakatwa siku ya Jumamosi kwa ajili ya kusafisha tangi, wanafunzi wajaze ndoo mapema. Bosi akalisoma. Akalisoma tena. Watu wawili wakapita nyuma yake, naye akainama kuchunguza sahihi ya aliyeandika, kama mtu mwenye uchungu mkubwa na mambo ya tangi.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akatokea mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Huyu ndiye Mama Stoo, msimamizi wa pale.

"Wewe! Mbona umechelewa?" Akamrushia aproni, ikamwangukia begani. "Vaa hiyo, njoo ushike ncha ya gunia hili kabla halijatuzika."

"Shikamoo, Mama. Mimi nilikuwa..."

"Marahaba. Shika kwanza, salamu baadaye."

Bosi akashika. Akajua hapohapo kilichotokea: mama wa watu ameliona shati, akadhani ni mmoja wa wanafunzi wa kujitolea. Ilibaki kusema maneno machache tu, samahani Mama, nimekuja kuchukua, si kugawa. Lakini gunia likawa zito, na baada ya gunia yakaja maharage ya kupima kwenye mifuko, na kabla hajapumua saa ya kugawa ikafika, mlango ukafunguliwa na watu wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa kijana wa darasani kwake.

"Bosi!" kijana akasema, akipokea mfuko kutoka mkononi mwake. "Kumbe una moyo hivi? Mungu akubariki, ndugu yangu."

Hapo ndipo mtego ulipomnasa. Angemwambiaje Mama Stoo sasa?

Kazi ilipoisha, jikoni nyuma ya stoo palikuwa na sufuria la wali na sufuria la maharage, na wote waliovaa aproni walikaa kwenye mabenchi kula pamoja.

"Karibu, baba," Mama Stoo akasema, akimpa sahani.

"Nimeshiba, Mama," Bosi akajibu. "Asante sana."

Msimcheke. Neno lile halikutoka kwake, lilitoka kwa mama yake. Tangu akiwa mdogo, sheria nyumbani kwao ilikuwa moja: ukikaribishwa chakula kwa watu, umeshiba. Hata kama hujala tangu jana, umeshiba. Kisha unamtazama mama. Akishusha kope, basi, kaa ule. Akikodoa, endelea kushiba mpaka mfike nyumbani. Jicho lile lilimlea yeye na mdogo wake bila fimbo, na halikuwahi kukosea. Tatizo ni kwamba mama alikuwa barazani kwake, mbali sana na jiko lile, na jicho lake halikuwepo la kutazama.

Akarudi bwenini akanywa maji. Lakini begi hakulifunga. Alijiambia kwamba safari ijayo atasema.

Ikaja safari ijayo, na nyingine. Kila stoo ilipofunguliwa Bosi alikuwapo, aproni kiunoni, akipima mchele kwa mikono iliyotaka kuutafuna mbichi. Na kila sahani ilipomfikia, alikuwa ameshiba. Kwa kuwa uongo haupendi kukaa peke yake, akaanza kuutafutia mboga. Leo alikuwa amekula samaki. Juzi kuku. Siku moja, kwa kuchanganyikiwa, alikula kuku na samaki pamoja, kwenye sherehe ya binamu ambaye hajawahi kuwa naye.

"Huyu binamu yako anaoa kila wiki?" akauliza Wakili. Wakili alikuwa msichana wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wa sheria, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuacha jambo bila kulihoji. Tumbo la Bosi likanguruma kwa sauti ya kiti kinachoburutwa, naye akakohoa juu yake. Wakili akamtazama kidogo, kisha akaendelea kula. Mama Stoo alifunika sahani ya Bosi kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati, kama alivyofanya kila siku. Bosi aliamini ni ya mlinzi wa geti.

Mwishowe akachoka. Alichoka kushiba. Asubuhi moja alikunja mashati yake yote, moja juu ya jingine, akayapanga begini, na begi akaliacha juu ya kitanda likiwa limefungwa. Alikwenda stoo kwa ajili ya kurudisha aproni tu. Aliona aibu kuondoka nayo.

Alipofika ndani, akakuta Mama Stoo na Wakili wamesimama kando ya dirisha dogo, wakichungulia. Nje kulikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza, kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi. Alikuwa anasoma tangazo la maji. Akamaliza, akaanza upya.

Bosi akasahau aproni, akasahau begi. Akachukua mfuko, akatia mchele, akatia maharage, akakimbilia mlangoni. Mama Stoo akamshika mkono.

"Unakwenda wapi na mfuko?"

"Mama, yule ana njaa! Hasomi chochote pale, tangazo lenyewe ni la zamani. Anaona haya tu."

"Ukimtokea na mfuko atakimbia, na hatarudi. Weka chini." Akachukua aproni kwenye msumari, akafungua mlango kwa kishindo. "Wewe! Mbona umechelewa? Vaa hiyo, njoo ushike ncha ya gunia hili kabla halijatuzika!"

Msichana akashika. Mtu angefanya nini?

Bosi alibaki amesimama na mfuko wake kifuani. Neno kwa neno. Aligeuka akawatazama waliokuwa wakifunga aproni zao: Wakili, yule kijana mrefu wa kilimo, mapacha wa ualimu waliozoea kugombea kijiko kikubwa. Kisha akamtazama Mama Stoo, aliyekwisha kumpeleka msichana jikoni, akarudi akipangusa mikono kama mtu asiye na habari.

"Mama," akasema polepole, "siku ile hukunifananisha na mtu?"

"Nikufananishe na nani? Ulisimama pale mpaka nikakuonea huruma."

"Na hawa wote?"

"Mheshimiwa Bosi," Wakili akadakia, "ulidhani sisi ni nani? Wajumbe wa bodi? Mimi lile tangazo nalijua kwa moyo. Nilikuja siku tatu mfululizo kulisoma, mpaka nikaanza kujaza ndoo."

Stoo nzima ikacheka, na kilikuwa kicheko cha watu waliosimama mahali pamoja. "Maji yenyewe yalikatwa mwaka juzi," Mama Stoo akasema. "Tangazo nimeliacha kwa makusudi. Mtu anayejikaza kuingia anahitaji kitu cha kusoma."

Siku ile msichana wa kiatu cha uzi alifanya kazi yake, na masufuria yalipofunuliwa akapewa sahani, akala bila kuinua kichwa, na hakuna aliyemtazama. Kisha sahani ikamfikia Bosi.

"Karibu, baba."

Alijua sasa. Alijua hakuna wa kumcheka, alijua ile sahani ya juu ya kabati haikuwa ya mlinzi hata siku moja. Akafungua mdomo aseme asante. Mdomo ukasema, "Nimeshiba, Mama."

Machozi yakamtoka kwa hasira. Mama Stoo akaketi kando yake, benchi likalalamika.

"Nani alikufundisha kushiba namna hii?"

"Mama yangu."

"Kazi alifanya, mama wa watu. Mimi nimesubiri ushibe uchoke, maana mtu akilazimishwa kula hula mara moja tu. Lakini huyo aliyefunga ndiye wa kufungua. Mpigie."

Bosi akapiga, pale pale. Cherehani ilisikika kabla ya sauti.

"Mama. Niko kwa watu. Wamenikaribisha chakula."

Cherehani ikanyamaza.

"Umesemaje?"

"Nimesema nimeshiba."

"Na umeshiba?"

Bosi akatazama sahani. "Hapana, Mama. Sijashiba siku nyingi."

Upande wa pili kitu kikawekwa juu ya cherehani. Mtu aliyelizoea baraza lile angejua kwamba fundi amevua miwani, anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mteja.

"Hao watu ni wazuri?"

"Wazuri, Mama. Wazuri sana."

"Weka spika wanisikie." Bosi akaweka. "Nyinyi mlio na mwanangu, asanteni. Huyo msimlaumu, nilimfundisha mimi, nikasahau kumfundisha mwisho wake. Niliogopa watu waseme wanangu wana njaa. Kumbe njaa ilikuwa inamla huko kwa adabu yangu. Dada yangu, wewe mwenye jiko, Mungu akuweke. Sina cha kukupa, ila mkiwa na aproni zilizochanika nitumieni, nitazishona zote."

"Ziko nyingi, dada yangu," Mama Stoo akasema, na sauti yake ya kuvuka uwanja ilikuwa imepotea. "Nitakutumia."

"Basi. Mwanangu, unanisikia? Jicho langu haliwezi kufika huko, kwa hiyo nakwambia kwa mdomo. Nimeshusha kope. Kaa ule."

Akala. Alikula wali ule huku akilia na kucheka, na Wakili, ajabu, hakuhoji lolote, alimsogezea tu chumvi. Sahani ya kwanza ikaisha. Alikuwa anainuka kwenda kuiosha, akiwaza namna atakavyolifungua begi lile na kuyapiga pasi upya mashati yote, simu ilipolia tena.

"Nilisahau," mama yake akasema. "Yule rafiki yako mwenye suruali inayopwaya."

"Eeh, Mama?"

"Mwambie asiipunguze. Kiuno nilikipima mwenyewe. Akijaze."

Bosi akageuka, akamnyooshea Mama Stoo sahani.